Julius Aliyemfasiri Julius

Jina la Mwalimu Julius Kambarage Nyerere si geni masikioni mwa mwanafunzi yeyote wa shule hii. Wanaosoma Historia watakuambia kwamba alikuwa rais wa kwanza wa Tanganyika, kisha Tanzania, na kwamba aliamini Ujamaa. Hayo yamo katika madaftari yetu na sina haja ya kuyarudia moja baada ya jingine. Hapa nataka kumsimulia kama mtu wa Kiswahili. Nataka kumsimulia yule Nyerere ambaye, nchi changa ikimngoja ofisini, alikaa chini na kalamu akafasiri tamthilia nzima ya William Shakespeare, na si tamthilia ya mapenzi wala ya kuchekesha, bali ile ya kiongozi anayechomwa visu na rafiki zake.

Nina sababu mbili za kumchagua. Ya kwanza ni filamu. Muhula uliopita mlezi wa Chama cha Kiswahili alituonyesha, kwa projekta ya kuazima, filamu ya zamani iitwayo Julius Caesar. Tulikuwa tumekwisha kusoma Juliasi Kaizari, tafsiri ya Nyerere, nakala chache zikipita mikononi mwa watu wengi. Basi siku ile masikio yalikuwa yanasikia Kiingereza na mapajani kuna Kiswahili. Sababu ya pili ni maneno ambayo sisi wa Awendo huambiwa kila tukisafiri kwa mashindano: ati Kiswahili kina wenyewe, wenyewe wako Pwani, na Mjaluo akikigusa kinavunjika mbavu. Subiri kidogo usikie habari za huyu mzee, ndipo uamue kama maneno hayo yana miguu.

Kwanza jua kwamba alikuwa jirani. Ukitoka hapa ukapita Migori mjini, ukafika Isebania, ukavuka mpaka pale Sirari, ukaipita Tarime na kuvuka daraja la Kirumi juu ya Mto Mara, mto ule ule unaotoka kwetu Mau, umekaribia nyumbani kwao. Kijiji chake ni Butiama, na kabila lake ni Wazanaki, watu wachache ambao lugha yao inafanana na Kikuria cha ndugu zetu wa Kehancha. Alizaliwa tarehe 13 Aprili 1922. Baba yake, Nyerere Burito, alikuwa chifu mwenye wake 22, na mama yake, Mgaya, alikuwa mke wa tano. Siku aliyozaliwa mvua ilinyesha, akaitwa Kambarage, jina la mzimu wa mvua. Alichunga mbuzi kama watoto wenzake. Alichongwa meno ya mbele kwa desturi ya Kizanaki, kama vile wazee wetu walivyong'olewa meno sita ya chini, na ukitazama picha zake hata akiwa rais utauona ule mchongo.

Alikuwa na umri wa miaka 12 alipopelekwa shule ya bweni ya Mwisenge, Musoma, mwaka wa 1934. Ni mwendo wa kilomita 40 hivi kwa miguu. Na sasa sikiliza vizuri: mtoto huyu alikuwa anajua Kizanaki tu. Kiswahili alikikuta darasani, akakisoma kama sisi tulivyokisoma, kwa ubao na chaki, pengine na kiboko juu yake. Mtu ambaye baadaye angeandika tenzi, na ambaye Kiswahili chake redioni kiliwafanya watu waache jembe shambani wasikilize, alianza akiwa na miaka 12 bila neno hata moja la nyumbani la kumsaidia. Masomo ya miaka 4 aliyamaliza kwa miaka 3.

Mwaka 1937 akaingia shule ya serikali ya Tabora, shule iliyoendeshwa kwa mtindo wa shule kubwa za Uingereza na ambamo watoto wengi wa machifu walisomea. Kutoka hapo alikwenda Makerere, Uganda, 1943 hadi 1945. Ni katika mwaka huo wa 1943, mwezi wa Desemba, ndipo alipobatizwa Mkatoliki na kuchagua jina la Julius. Jina lenyewe ni la Kirumi, la ukoo ule ule wa Kaizari. Sisemi kwamba alilichagua kwa ajili ya Kaizari, la hasha. Ila lilimkaa, na miaka 20 baadaye likawa juu ya jalada la kitabu mara mbili: Julius anayesimuliwa na Julius anayefasiri.

Alifundisha Tabora katika shule ya St. Mary's, kisha mwaka 1949 akaenda Chuo Kikuu cha Edinburgh, Scotland. Wengi wanapofika hapa hutaja uchumi, historia na falsafa aliyosoma. Husahau kwamba somo mojawapo alilochukua lilikuwa fasihi ya Kiingereza. Alirudi 1952 na shahada ya M.A., akaajiriwa kufundisha katika shule ya St. Francis, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Ndipo watu walipoanza kumwita Mwalimu, na jina hilo halikubanduka tena, hata kaburini.

Mwaka wa 1953 ulikuwa na mengi. Januari alimwoa Maria Gabriel pale Musoma. Aprili akachaguliwa rais wa TAA, chama cha Waafrika ambacho hakikuwa na meno wakati huo. Na mwaka huo huo, mbali kabisa na Pugu, kampuni ya MGM ya Hollywood ilitoa ile filamu tuliyoiona.

Wacha niseme machache juu ya filamu hiyo, kwa sababu wapo waliolala siku ile na ninawajua. Iliongozwa na Joseph L. Mankiewicz na kutayarishwa na John Houseman. Ni nyeusi na nyeupe, ingawa filamu za rangi zilikuwa zimejaa Hollywood. Walifanya hivyo makusudi. Watazamaji wa 1953 walikuwa bado wanakumbuka picha za habari za Hitler na Mussolini wakihutubia umati, nazo zilikuwa nyeusi na nyeupe. Houseman alikuwa na jambo hili moyoni tangu 1937, wakati yeye na Orson Welles walipoicheza tamthilia hii New York huku waigizaji wamevaa sare kama za mafashisti. Katika filamu, Louis Calhern ni Kaizari, James Mason ni Brutus, John Gielgud ni Cassius, na Marlon Brando ni Mark Antony. Brando alikuwa kijana ambaye watu walimdharau kwa kumumunya maneno, wakasema Shakespeare atamshinda. Gielgud, aliyekuwa bingwa wa Shakespeare tangu ujana, alimsaidia kuyatamka. Matokeo mliyaona. Pale Brando anaposimama juu ya ngazi mbele ya maiti, umati ukiwa chini umekwisha kumkubali Brutus, akaugeuza pole pole mpaka ukaondoka na mienge ya moto kwenda kuchoma nyumba, hata wale wa kidato cha kwanza walinyamaza. Filamu ilipata tuzo ya Oscar kwa mandhari yake. Brando alipendekezwa akakosa.

Kwa wasiojua kisa, ni hiki. Julius Kaizari ni mtu wa kweli, jemadari wa Roma, aliyejilimbikizia mamlaka mpaka akafanywa dikteta wa maisha. Tarehe 15 Machi mwaka wa 44 kabla ya Kristo, maseneta walimzunguka wakamchoma visu mara 23. Shakespeare aliandika tamthilia yake mwaka 1599. Utamu wake ni kwamba hakuna anayeshinda hoja. Kaizari ana kiburi, lakini hatujaonyeshwa kosa linalostahili kifo. Brutus ni mtu mwema anayeua kwa kuogopa jambo ambalo bado halijatendeka. Antony anampenda marehemu kweli, lakini machozi yake ni siasa pia. Na wananchi? Wananchi wanashangilia kila anayesema mwisho. Tena kuna kipande kimoja kinachotuhusu sisi waandishi wa chama hiki: umati wenye hasira unamkamata mshairi maskini anayeitwa Cinna, jina moja na mmoja wa wauaji, na hata wanapojua si yeye wanamuua vivyo hivyo.

Haya basi, turudi kwa Mwalimu. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikageuzwa TANU, naye akiwa rais wake. Machi 1955 alikwenda New York kuzungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wenye shule walimtaka achague kati ya ualimu na siasa. Alichagua siasa, akabaki bila mshahara. Mwaka 1958 alishtakiwa kwa kuwakashifu maofisa wawili wa serikali katika gazeti la chama, akatozwa faini ya shilingi 3,000 au jela miezi 6. Alilipa faini. Nchi ikapata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, yeye akiwa Waziri Mkuu.

Na hapa anafanya jambo ambalo mpaka leo linanishangaza. Baada ya siku 44 tu alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda mikoani kuimarisha chama. Hakuna aliyemfukuza. Hata hivyo nchi ilipokuwa jamhuri, 9 Desemba 1962, alirudi akiwa rais.

Mwaka uliofuata, 1963, Oxford University Press ikachapisha tafsiri yake ya Julius Caesar. Alikuwa na miaka 41. Kazi hiyo aliifanya kwa saa zake za mapumziko, na kazi ya namna hiyo haimaliziki kwa wikendi mbili. Ninyi mliojaribu kufasiri hata barua ya mwalimu mkuu mnajua taabu yake. Sasa fikiria Shakespeare. Maneno mengi ya Kiingereza ni ya silabi moja moja, na mshororo wa Shakespeare una silabi 10, kwa hiyo anaweza kubana maneno 8 au 9 humo. Kiswahili chetu kinaunganisha. Mtu anayesema anampenda mwenziwe ametumia neno moja lakini silabi zimefika 5 kabla hajavuta pumzi. Juu ya hayo, ushairi wa Kiswahili uliojulikana na kuheshimiwa ulikuwa wa vina na mizani, na Shakespeare katika tamthilia hii haandiki vina ila mara chache sana. Nyerere angeweza kukimbilia nathari na hakuna ambaye angemlaumu. Hakukimbia. Aliandika mistari ya ushairi isiyo na vina, jambo lililokuwa geni, wakati ambapo wapo walioamini kwamba bila vina hakuna shairi. Kabla ya ule mgogoro wa washairi wa miaka ya sabini kupamba moto, huyu Mzanaki alikuwa tayari ameweka mguu mmoja upande wa pili.

Kwa nini alijitaabisha? Jibu langu ni hili. Wakoloni walikuwa wamekiachia Kiswahili shule za msingi, masoko na amri za jeshini, lakini shule ya juu, mahakama kuu na mawazo makubwa vilikuwa vya Kiingereza. Rais akisema jukwaani kwamba Kiswahili kinaweza kila kitu, hiyo ni siasa, mtu anaweza kupiga makofi na kurudi nyumbani. Rais akichukua mwandishi ambaye Waingereza wanamwona ndiye kilele cha lugha yao, akamweka katika Kiswahili kuanzia mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hapo ametoa ushahidi unaoshikika mkononi. Mwaka 1967 serikali yake iliamuru shughuli zake ziendeshwe kwa Kiswahili. Huku Kenya Mzee Kenyatta aliamuru Kiswahili kitumiwe bungeni mwaka 1974, na wabunge wengi walipata shida kweli kweli siku hizo za kwanza.

Lakini kuna upande mwingine, na ndio ulioleta ubishi katika chama chetu baada ya filamu. Huyu mtu alikuwa rais. Kati ya tamthilia zote za Shakespeare, na ziko zaidi ya 35, alichagua ya mauaji ya mtawala. Na tazama tarehe. Tarehe 13 Januari 1963, Sylvanus Olympio, rais wa Togo, alipigwa risasi na askari mjini Lomé. Lumumba alikuwa ameuawa miaka miwili kabla. Kitabu kikatoka mwaka huo wa 1963. Na kabla wino haujakauka, tarehe 20 Januari 1964, askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi wakidai mishahara na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Nyerere alifichwa kwa muda ng'ambo ya bandari, Kigamboni. Wiki hiyo hiyo askari waliasi Jinja kule Uganda, na hata kwetu Lanet, karibu na Nakuru. Mwishowe Nyerere alilazimika kuwaomba Waingereza, wale wale aliowatoa mlangoni, wamletee askari, nao wakafika tarehe 25. Kwa mtu mwenye fahari kama yeye hilo lilikuwa donda. Alilivunja jeshi lile zima akaunda jingine.

Aliyekwenda kuzungumza na waasi wakati rais amefichwa alikuwa Oscar Kambona, waziri wa Mambo ya Nje na Ulinzi. Kambona hakuwa waziri tu. Alikuwa rafiki, na kwenye harusi ya Kambona mjini London mwaka 1960 Nyerere ndiye aliyemsimamia. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, walitofautiana, Kambona akakimbilia Uingereza. Mwaka 1970 ikaendeshwa kesi ya uhaini Dar es Salaam, Kambona akitajwa kuwa kinara hali yeye mwenyewe hayupo kizimbani. Alikaa uhamishoni mpaka 1992. Mwenzangu mmoja wa kidato cha nne alisema Kambona ni Brutus. Mimi nilikataa na bado nakataa. Brutus alishika kisu, Kambona hakumchoma mtu. Mtu hawi Brutus kwa kupingana na Kaizari. Tukianza kuhesabu hivyo, kila anayesema hapana atakuwa msaliti, na hapo tutakuwa tumesahau alichoandika Shakespeare.

Nasi tusijifanye kisa hiki kiko mbali, Roma au Dar es Salaam. Mwaka 1969 Nyerere alitoa tafsiri yake upya, ameisahihisha, na safari hii hata jina la kitabu limevaa Kiswahili kamili: Juliasi Kaizari. Mwaka huo huo, tarehe 5 Julai, Tom Mboya alipigwa risasi mchana katika barabara ya mjini Nairobi, akaletwa kuzikwa Rusinga, hapo kaunti jirani ya Homa Bay. Kila familia ya huku ina mzee anayejua alikuwa wapi siku hiyo. Na Februari 1990 akafuata Robert Ouko. Ndiyo sababu filamu ilipofika pale wale maseneta wanapoosha mikono katika damu, sikuona watu wa kale waliovaa mashuka. Na nadhani si mimi peke yangu. Mlezi wetu alizima mashine kwa dakika tano kabla ya kuendelea, wala hakueleza kwa nini.

Mwaka 1969 ulileta pia tafsiri yake ya pili ya Shakespeare, Mabepari wa Venisi. Hilo jina limewapa wataalamu kazi. Kwa Kiingereza ni mfanyabiashara mmoja wa Venisi. Nyerere amewafanya wengi, tena amewaita mabepari. Neno bepari lilitufikia kutoka kwa Wahindi, na huko kwao ni mchuuzi tu, mtu wa biashara. Lakini katika Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha, bepari alikuwa mnyonyaji. Kwa hiyo ukilishika neno kwa asili yake, Mwalimu amefasiri sawasawa. Ukilishika kwa maana ya mitaani ya siku zile, amekwisha kutoa hukumu kwenye jalada kabla hujafungua ukurasa. Wengine wanasema aliipotosha tamthilia. Mimi nasema alikuwa mjanja kama mchezaji wa bao, na kwa kweli bao alilipenda tangu utotoni. Wakati huo huo S. S. Mushi naye alikuwa akifasiri, akatoa Makbeth na Tufani, kwa hiyo kwa miaka miwili mitatu hivi Shakespeare alikuwa kama amehamia Tanzania.

Sitaki mtu adhani nimeandika sifa tupu. Mwalimu alikuwa na sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila kuwapeleka mahakamani, iliyopitishwa 1962, na aliitumia. Mwaka 1965 nchi ikawa ya chama kimoja kwa sheria. Miaka ya sabini mamilioni ya wakulima walihamishiwa vijiji vya Ujamaa, wengine kwa nguvu, nyumba zao zikibomolewa nyuma yao, na kilimo kikaanguka. Mwaka 1966 wanafunzi wa chuo kikuu waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kwenda Jeshi la Kujenga Taifa na mshahara mdogo humo. Aliwasikiliza, akakasirika, akawafukuza wote, zaidi ya 300. Papo hapo akapunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Hapo ndipo ninapomwona mtu mzima mzima: mkali kuliko haki, halafu anaanza kujikata yeye. Najua walimu wangu wawili hawatakubaliana nami kwa neno hilo la haki, tutaonana kwenye mdahalo.

Hata hivyo lipo jambo moja ambalo Kaizari hakuliweza na yeye aliliweza. Kaizari alikubali udikteta wa maisha. Nyerere aliondoka madarakani Novemba 1985 kwa hiari yake, akiwa na miaka 63 na afya njema, wakati majirani wengi walitolewa kwa bunduki au jeneza. Obote alikuwa ameangushwa mara mbili, ya pili ikiwa Julai mwaka huo huo. Karume, mwenzake wa Muungano, alipigwa risasi Zanzibar tarehe 7 Aprili 1972. Idi Amin alikuwa amefukuzwa Kampala Aprili 1979 na jeshi la Nyerere mwenyewe baada ya kuivamia Kagera. Na aliondoka akikiri hadharani kwamba si yote aliyoyajaribu yaliyofaulu.

Alibaki mwenyekiti wa CCM hadi 1990, kisha akawa mtu wa Butiama, shamba na vitabu. Mwaka 1996 wamisionari wa Ndanda na Peramiho walimchapishia tenzi za Injili nne na Matendo ya Mitume, Agano Jipya likiwa limepangwa beti kwa beti. Safari hii alitumia vina, tena vina vya utenzi wenyewe, kama mtu anayetaka kuwaonyesha wahafidhina kwamba ile njia yao anaijua vilevile. Umri wake ulikuwa miaka 74.

Alifariki tarehe 14 Oktoba 1999 katika hospitali ya St. Thomas', London, kwa saratani ya damu. Mwili ulirudishwa nyumbani, watu wakajipanga barabarani Dar es Salaam, kisha ukapelekwa Butiama ukazikwa tarehe 23 mwezi huo, Mwitongo, penye makaburi ya wazazi wake. Pana makumbusho yake hapo kijijini. Mlezi wetu amekwisha kuulizia kwa mwenye basi nauli ya kwenda na kurudi kwa watu 40, na waliomaliza kusoma Juliasi Kaizari ndio watakaoandikwa kwanza. Nakala zetu ziko maktabani, rafu ya chini, upande wa dirisha.